Dola 55 za Texas: namna ya kuisoma rekodi ya Gavana Abbott katika elimu

Muulize shabiki wa Greg Abbott amezifanyia nini shule za umma za Texas, atakutajia mabilioni: dola bilioni 11.6 mwaka 2019, dola bilioni 8.5 mwaka 2025. Muulize mwalimu anayempinga, atakujibu kwa tarakimu mbili tu: 55, dola zilizoongezwa mwaka 2025 kwenye kiwango cha msingi cha kila mwanafunzi. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Ugomvi wote wa elimu ya Texas umekaa katikati ya majibu hayo mawili, na ukitaka kuuelewa huna budi kwanza kujua fedha za shule za huko zinapita njia gani.

Abbott, wa chama cha Republican, ameliongoza jimbo hilo tangu Januari 2015, na kabla ya hapo alikuwa Mwanasheria Mkuu wake kwa miaka 12. Shule zake za umma zina wanafunzi takriban milioni 5.5, karibu mara tatu ya wakazi wote wa Zanzibar. Wamo watoto wa Wakenya wa Dallas, na wamo waliozaliwa au kukulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wazazi wao Wakongo, ambao leo wanapanda basi la shule asubuhi Houston au Abilene. Kwa hiyo si habari ya mbali sana kama inavyoonekana.

Tuanze na fedha. Msomaji wa Kenya analijua neno kapitesheni: kiasi ambacho serikali huipa shule kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Texas nayo ina kapitesheni yake, tuiite fungu la msingi. Kiwango hicho hupangwa kwa sheria, na juu yake huongezwa kitu kwa mtoto maskini, kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, kwa mtoto mwenye ulemavu. Fungu la msingi likipanda, karibu kila kitu kinapanda nalo. Likikwama, kila kitu kinakwama. Tena Texas haihesabu waliosajiliwa, inahesabu wanaohudhuria. Shule yenye wanafunzi mia, ikiwa kwa wastani wanafika tisini kila siku, hulipwa za tisini, ingawa mwalimu, umeme na basi ni vya watoto mia.

Fedha hizo zinatoka wapi? Texas haitozi kodi ya mapato kwa mtu binafsi. Sehemu kubwa ya fedha za shule ni kodi ya nyumba na ardhi inayokusanywa na wilaya za shule, yaani mamlaka za eneo zinazoendesha shule, kila moja na bodi yake, na jimbo linajazia pengo hadi kiwango cha sheria kitimie. Wilaya yenye majumba ya kifahari na majengo ya ofisi hukusanya kupita kiwango chake, na ziada hiyo huchukuliwa na jimbo. Wenyewe wanauita mpango huo Robin Hood, jina la yule mwizi wa hadithi aliyewaibia matajiri akawapa maskini. Ulizaliwa mwaka 1993, baada ya Mahakama Kuu ya Texas kuamua mwaka 1989, katika kesi iliyoanzishwa na wilaya ya Edgewood ya San Antonio, kwamba pengo kati ya shule za matajiri na za maskini lilivunja katiba ya jimbo. Leo wilaya inayotoa zaidi ni Austin, mji mkuu, ambako walimu wenyewe wanalalamika kwamba hawamudu pango la nyumba. Na hapa pana ujanja ambao wananchi wengi hawauoni: thamani ya nyumba ikipanda, wilaya hukusanya zaidi, lakini shule haipati zaidi. Kiwango ni kilekile. Kinachopungua ni mzigo wa jimbo.

Kwa hiyo anayekishikilia kiwango hicho ndiye aliyezishika shule. Weka hilo akilini, kwa maana rekodi ya Abbott inazunguka hapohapo.

Alianza kuzikuta kesi za fedha za shule akiwa upande wa pili wa meza. Mwaka 2011, chini ya Gavana Rick Perry, Bunge la jimbo lilikata dola bilioni 5.4 kutoka elimu. Wilaya zaidi ya 600 zikaenda mahakamani, na aliyelitetea jimbo ni Mwanasheria Mkuu Abbott. Wilaya zilishinda mara mbili mbele ya jaji wa Austin, mwaka 2013 na 2014. Jimbo likakata rufaa. Mei 2016, Abbott akiwa tayari gavana, Mahakama Kuu ya Texas ikaamua kwa sauti moja kwamba mfumo una kasoro nyingi ila haujavunja katiba. Uamuzi huo ulifunga mlango ambao shule zilikuwa zikiutumia kwa karibu miaka thelathini. Tangu wakati huo, shule inayotaka fedha haina jaji wa kumlilia, ina wanasiasa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe muhimu kuliko zote katika simulizi hii, ingawa kwenye matangazo ya kampeni huisikii.

Katika muhula wake wa kwanza kipaumbele chake kilikuwa elimu ya awali. Mwaka 2015 alisaini sheria ya ruzuku kwa wilaya zitakazoinua ubora wa madarasa ya watoto wa miaka minne. Wilaya nyingi ziliomba, fedha zilikuwa dola milioni 118, na kila mtoto akaangukiwa na dola 367. Mwaka 2017 Bunge halikuzitengea ruzuku hizo fedha mpya. Mengi zaidi ya kusema hapo hayapo.

Mwaka 2019 mambo yalikuwa tofauti, na haki yake apewe. Sheria ya mwaka huo, ile ya dola bilioni 11.6, ilipandisha fungu la msingi kutoka dola 5,140 hadi 6,160, ikawapa madarasa ya awali ya siku nzima watoto waliostahili, wakiwemo maskini na wasiojua Kiingereza, na ikaanzisha mpango wa kuwalipa zaidi walimu wanaofanya vizuri, hasa wakikubali kufundisha kwenye shule ngumu. Mtoto wa familia ya Kiswahili aliyeingia darasa la awali bila neno la Kiingereza amefaidika na sheria hiyo moja kwa moja. Lakini chungulia ndani ya hizo bilioni 11.6: takriban bilioni 6.5 zilikwenda shuleni, na bilioni 5.1 zilikwenda kupunguza kodi ya wenye nyumba. Texas, fedha za elimu na nafuu ya kodi husafiri katika gari moja, na anayetangaza hutaja uzito wa gari zima.

Baada ya hapo fungu la msingi likaganda. Dola 6,160 mwaka 2019, dola 6,160 mwaka 2024. Katikati palikuwa na korona, na bei nchini Marekani zilipanda kwa zaidi ya asilimia 22 kati ya miaka hiyo miwili. Ili shule inunue kile ilichokuwa ikinunua mwaka 2019, fungu lingepaswa kufika kama dola 7,550. Serikali ya Abbott hujibu kwamba ukijumlisha vyote, yaani fedha za jimbo, za wilaya, za Washington na za kulipia madeni ya majengo, matumizi kwa kila mtoto hayajawahi kuwa makubwa hivi. Jumla hiyo ni ya kweli. Ila fedha za Washington za wakati wa korona zilikuwa za muda na zimekwisha, na fedha za deni la jengo hazimlipi mwalimu. Mwalimu mkuu anayetafuta wa kufundisha hesabu hawezi kumlipa kwa matofali.

Wala jimbo halikuwa na ukata. Bunge lilipokutana Januari 2023 lilikuta hazina ikiwa na ziada ya dola bilioni 32.7, na mwaka huo likapitisha nafuu ya kodi ya nyumba na ardhi ya takriban bilioni 18. Fedha zilikuwepo. Kilichozifunga shule ni vocha.

Vocha, kwa lugha nyepesi, ni fedha za umma anazopewa mzazi ampeleke mwanawe shule binafsi. Texas walichagua jina la akaunti ya elimu: fedha zinawekwa kwenye akaunti, mzazi analipia ada, vitabu, mwalimu wa ziada. Wanaoitaka wanasema mtoto wa maskini asifungwe na anwani ya nyumba yao. Wanaoipinga wanasema shule binafsi ndiyo inayochagua, mzazi anaomba tu. Hoja zote mbili zina nyama. Lililokuwa geni Texas ni kwamba kizingiti kilikuwa ndani ya chama cha gavana mwenyewe. Wabunge wa Republican wa vijijini walikuwa wakiikataa vocha kwa miaka mingi, na sababu yao haikuwa ya kiitikadi. Kaunti nyingi za vijijini hazina hata shule moja binafsi, na huko shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo ukumbi wa mikutano, ndiyo timu ya mpira wa Kimarekani inayojaza uwanja kila Ijumaa usiku. Vocha ya nini mahali pasipo na pa kuitumia?

Bunge la Texas hukutana kwa siku 140 tu, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, ila gavana anaweza kuita vikao maalumu vya siku 30. Mwaka 2023 Abbott aliita vinne, akaipeleka vocha kwenye viwili vya mwisho. Katika kile cha nne mswada mmoja ulifungasha vyote pamoja: vocha, bonasi kwa walimu, na fungu la msingi kupanda kutoka 6,160 hadi 6,700. Nyongeza ya dola 540. Abbott alikuwa amekwisha kutamka kwamba mswada wa fedha za shule usio na vocha ataukataa. Novemba 17, mbunge mmoja wa Republican, John Raney, akaleta marekebisho ya kuing'oa vocha. Kura 84 kwa 63, na Warepublican 21 wakiwa upande wa wapinzani. Vocha ikafa, na dola 540 zikafa nayo.

Hapa kila upande una lawama yake. Wapo wanaosema wabunge 21 ndio waliozinyima shule fedha kwa ukaidi wao. Sikubaliani nao. Aliyefunga mizigo miwili kwa kamba moja ndiye aliyeamua kwamba mmoja ukizama wote uzame. Lakini si haki pia kusema, kama wasemavyo wapinzani wake, kwamba Abbott hakutaka shule zipate kitu. Alitaka zipate, kwa bei yake.

Mwaka 2024 akaenda kuwatafuta wale 21. Bilionea wa Pennsylvania, Jeff Yass, mpenzi wa vocha wa siku nyingi, alikuwa amempa dola milioni 6 kwa hundi moja mwishoni mwa 2023. Watano kati ya wale 21 hawakugombea tena. Kati ya 16 waliogombea, tisa walianguka kwenye kura za mchujo za Machi na marudio ya Mei. Si wote walioangushwa na gavana peke yake. Mwanasheria Mkuu Ken Paxton naye alikuwa na kisasi chake na baadhi yao. Cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba matangazo mengi yaliyowaangusha yaliongelea mpaka wa Mexico. Mpiga kura aliambiwa mbunge wake ni dhaifu mbele ya wahamiaji, akampiga chini, na matokeo yake yakawa sheria ya shule binafsi.

Aprili 2025 mchezo ulikuwa umekwisha. Vocha ilipita kwa kura 86 dhidi ya 61, na Warepublican wawili tu waliipinga. Abbott akaisaini Mei 3. Imetengewa dola bilioni 1, kuanzia mwaka wa shule wa 2026-27. Mwanafunzi wa shule binafsi anapata takriban dola 10,000, mwenye ulemavu hadi 30,000, anayesomea nyumbani 2,000. Maombi yakizidi fedha, wa kwanza ni watoto wenye ulemavu wa familia za kipato cha chini na cha kati, kisha familia zenye kipato kisichozidi mara mbili ya mstari wa umaskini, yaani kama dola 64,300 kwa watu wanne kwa viwango vya 2025. Wenye kipato cha zaidi ya mara tano ya mstari huo wamewekewa ukomo wa asilimia 20 ya fedha.

Mtu anaona 10,000 ya shule binafsi na 6,160 ya shule ya umma, anapandwa na hasira. Ulinganisho huo umezunguka sana na una kasoro. Ile 6,160 ni msingi kabla ya nyongeza. Vocha imepangwa kuwa asilimia 85 ya wastani wa fedha za jimbo na za wilaya kwa kila mtoto wa shule ya umma, na wastani huo ni kama dola 12,000. Kwa hiyo mtoto wa vocha hapati zaidi ya wastani wa mtoto wa umma. Swali zito liko kwingine: je, mtoto huyo alikuwa shule ya umma kabla? Akiwa tayari anasoma shule binafsi, jimbo halijaokoa hata senti. Limeanza kulipa gharama ambayo baba yake alikuwa akiilipa. Na dola bilioni 1, wakichukua kiasi kamili, hazitoshi watoto laki moja kati ya milioni tano na nusu. Ndiyo maana wataalamu wa bajeti wa Bunge lenyewe wamekadiria kwamba gharama inaweza kukaribia bilioni 5 kwa mwaka ifikapo 2030.

Jambo moja linawahusu wasomaji wetu walioko huko: sheria inadai mtoto awe raia au awe ameingia Marekani kihalali. Shule ya umma haiulizi hivyo, na msingi wake ni kesi ya Texas hiihii. Mji wa Tyler ulijaribu kuwatoza ada watoto wasio na hati, na Juni 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana, mtoto yeyote ana haki ya shule. Mei 2022 Abbott alisema hadharani kwamba uamuzi huo ungefaa kupingwa tena. Hadi sasa bado umesimama.

Mwezi mmoja baada ya vocha, Juni 2025, ukaja ule mswada wa bilioni 8.5. Ndani yake mna mema. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi anaongezwa dola 5,000 katika wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 5,000, na dola 8,000 katika wilaya ndogo. Malipo ya watoto wenye ulemavu yamepangwa kufuata uzito wa huduma anayohitaji mtoto, badala ya aina ya darasa alilowekwa, jambo lililodaiwa kwa miaka. Kuna dola 106 kwa mwanafunzi za bima, umeme na gharama nyingine zisizokwepeka. Na fungu la msingi? Bunge la chini lilipendekeza nyongeza ya dola 395. Lilipotoka Seneti zilikuwa 55. Chini ya asilimia moja, baada ya miaka sita.

Tofauti kati ya 540 iliyokataliwa na 55 iliyosainiwa haiko kwenye kiasi peke yake. Fungu la msingi ni fedha ambazo bodi ya shule inaamua yenyewe izitumie vipi. Bilioni 8.5 nyingi zimekuja na maelekezo: hizi za mwalimu, hizi za ulinzi, hizi za umeme. Fedha zimeongezeka kweli, na uamuzi umehamia Austin.

Houston ndiko mwelekeo huo ulikofika mwisho wake. Kwa sheria aliyoisaini Abbott mwaka 2015, shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo, kamishna wa elimu, ambaye huteuliwa na gavana, lazima aifunge au aiondoe bodi nzima ya wilaya. Sekondari ya Wheatley, katika mtaa wa Weusi wenye historia ndefu, ilifeli. Baada ya miaka ya kesi, Juni 2023 jimbo likaichukua wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 180,000, likawaweka kando viongozi waliochaguliwa na wananchi na kumleta mkurugenzi, Mike Miles. Alama zimepanda, mwaka 2025 hapakuwa na shule hata moja yenye daraja F, lile la kufeli. Wakati huohuo maktaba za shule nyingi zimefungwa na walimu wameondoka kwa wingi. Ukimuuliza mzazi ambaye mwanawe sasa anasoma vizuri, atakushukuru. Ukimuuliza mwenziwe ambaye kura yake ya bodi haina kazi tena, ni jibu jingine, na sioni alama ya mtihani inayoweza kulifuta. Oktoba 2025 kamishna alitangaza kuichukua na Fort Worth.

Novemba 2025, akizindua kampeni ya muhula wa nne, Abbott alitoa pendekezo ambalo kwa mbali linasikika kama habari ya kodi tu: wapiga kura waulizwe kama wanataka wenye nyumba wasilipe tena kodi ya shule. Rudi kwenye bomba la fedha tulilolichora mwanzoni. Kodi ya wilaya ndiyo upande mmoja wa bomba, jimbo ndilo linalojazia. Ukiuziba upande wa wenye nyumba, pengo lote linahamia kwenye bajeti inayoandikwa Austin kila baada ya miaka miwili, kwenye mstari uleule wa sheria uliokaa dola 6,160 kwa miaka sita.